Kinyozi Aliyesimamisha Sinema

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo? Sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mtu aliyetuacha, lakini nawaomba leso zikae mfukoni kwanza. Mtazihitaji, ila mtaanza kwa kucheka. Mimi mwenyewe tangu asubuhi siwezi kutulia. Habari hii nimekaa nayo wiki nzima, na leo ndiyo naitua.

Tunamkumbuka kinyozi. Narudia, kinyozi. Hakuwa mwigizaji wala mtengenezaji wa filamu. Alinyoa watu miaka thelathini na minne, katika chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu, na televisheni iliyofungwa ukutani juu ya kabati la taulo. Alifariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka sitini na moja. Mtaani walimwita Simamisha. Jina lake jingine wengi tulilisikia siku ya mazishi.

Kwa nini Simamisha? Ngojeni.

Televisheni ile aliiweka ili wateja wasichoke kungoja. Aliwawekea picha za mapigano, za mapenzi, za majambazi, chochote kilichokuwepo. Wateja walitazama, yeye akanyoa. Angetazamaje, na wembe uko shingoni mwa mtu? Yeye alisikia tu risasi na vilio nyuma ya mgongo wake.

Siku moja alikuwa akimnyoa mwalimu wa shule ya jirani. Kichwa kilikuwa kimefika nusu. Narudia, nusu. Upande wa kulia umenyolewa, upande wa kushoto bado kichaka. Kinyozi akainua macho kwenye kioo, na ndani ya kioo akaiona televisheni. Stelingi, yule shujaa wa picha, alikuwa akifukuzwa. Akafika mlangoni, akaupiga teke, akaingia ndani. Hapo kinyozi akapiga kelele.

"Simamisha!"

Mteja aliyeshika rimoti alidhani mtu amekatwa sikio. Akasimamisha.

"Rudisha nyuma kidogo. Hapo! Mtazameni huyu. Nje ya mlango ana sharafa, zimeshuka mpaka hapa chini ya masikio. Sasa achia. Ameingia. Sharafa ziko wapi?"

"Amezikata," akasema mmoja.

"Saa ngapi? Anakimbia risasi! Au mlango una kinyozi wake?"

Chumba kizima kikacheka. Yeye hakucheka. Alipanda juu ya kigoda, akaweka kitana kwenye kioo cha televisheni, akapima nywele za kisogoni. Nje ya mlango zilikuwa zinagusa kola. Ndani ya mlango zilikuwa zimepanda juu upana wa kidole kizima.

"Kati ya nje na ndani," akasema polepole, "zimepita wiki sita. Bwana huyu amevuka kizingiti kwa wiki sita."

"Fundi," mwalimu akauliza, "na kichwa changu?"

"Subiri, mwalimu. Tuko darasani."

Mwalimu yule nimeongea naye juzi. Sasa amestaafu. Ananiambia kengele ya shule ililia kabla kinyozi hajashuka kwenye kigoda, ikabidi aende vile vile. "Siku ile nilifundisha sehemu," anasema. "Nusu na nusu. Sijawahi kuona wanafunzi wakielewa haraka namna ile."

Tangu siku hiyo, wasikilizaji, kinyozi hakuwa mtu yule yule. Alikuwa amegundua jambo. Aligundua kwamba picha haianguki kutoka mbinguni ikiwa imekamilika. Kuna watu wanaitengeneza, kipande kwa kipande, leo nje, mwezi ujao ndani, kisha wanaviunga mpaka sisi tunasahau. Hakuna aliyemfundisha. Alifundishwa na nywele.

Akanunua daftari. Nimelishika kwa mikono yangu, na mwandiko wake umelala kama nyasi zilizopigwa na upepo. Ukurasa mmoja unasema: "Mama wa stelingi ana mvi kwenye mazishi. Kwenye harusi hana hata moja. Na harusi imekuja baada ya mazishi." Amepiga mstari chini yake mara mbili.

Baadaye akaenda mbele zaidi ya nywele. Alitaka kujua kwa nini adui anaonekana mkubwa. Akatazama picha ile mara tisa, kisha akawaambia wateja, "Ukinyolewa umeinamisha kichwa, ukainua macho tu, kinyozi anakuwa jitu. Basi adui wamempiga picha kutoka chini. Wametuinamisha sisi." Siku nyingine alihesabu. "Tangu huyu dada ameketi mpaka ameanza kulia, hawajakata picha kwenda pengine hata mara moja. Wametufungia naye chumbani. Wangekata, tungepata pa kupumulia."

Je, si ajabu hiyo? Mtu ana mashine ya kunyolea mkononi, na anaona hayo yote kupitia kioo!

Lakini si kila mtu alifurahi. Jirani yake alikuwa mama anayeuza mayai, ambaye mtaa unamwita Mama Machozi. Yeye hulia kwenye kila picha, hata ya vichekesho. Alikuwa anaacha trei zake mlangoni, anaingia, anakaa kwenye benchi ya wateja. Na kila akianza kulia, anasikia, "Simamisha!"

"Shemeji, mwache kijana wa watu afe kwa amani!"

"Atakufa tu. Kwanza tazama kola yake."

"Kola itanisaidia nini? Mimi nimekuja kulia, sikuja shule!"

"Utalia vizuri zaidi ukijua walivyofanya."

"Wewe huko kifuani una moyo au una kitana?"

Walibishana hivyo miaka. Ulikuwa ubishi wa utani, na watu walikuja kunyolewa kabla nywele hazijakua ili tu wausikie. Laiti mambo yangeishia kwenye utani.

Wasikilizaji wapendwa, kinyozi alikuwa na binti. Ndiye mtoto wake wa kwanza, na alikulia kwenye chumba kile. Alijifunza kuhesabu mikato ya picha kabla ya kujifunza kufunga kamba za viatu. Alipokuwa mtu mzima akawa mpiga video za harusi. Na alipofika miaka ishirini na sita, akatengeneza filamu yake mwenyewe. Waigizaji ni majirani. Kamera ni ile ile ya harusi. Hadithi ya wachumba wawili waliotenganishwa.

Jumamosi moja mchana wakaionyesha kwenye ukumbi wa shule. Mapazia yamefungwa, watu zaidi ya mia, wengine wamesimama ukutani. Mama Machozi yuko mstari wa mbele na leso mbili. Binti alimketisha baba yake katikati kabisa, kisha akakaa kando yake.

Ameniambia hivi: "Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka baba afurahi."

Picha ikaenda. Ukumbi ukanyamaza. Bwana harusi akapiga magoti, Mama Machozi akaanza kuvuta pua, na kutoka katikati ya ukumbi ikaja sauti.

"Simamisha!"

Kijana wa mashine ya kuonyeshea picha alikuwa mteja wake. Kusikia tu, mkono ukasimamisha.

Kinyozi akasimama, uso unang'aa. Akaeleza kwamba bwana harusi alipotoka nyumbani alikuwa na nywele za wiki mbili, na sasa amepiga magoti akiwa na za mwezi. Akaeleza kola. Akaeleza kivuli. Alieleza kwa furaha, wasikilizaji. Alidhani anampa binti yake heshima kubwa kuliko zote, ya kuichukua picha yake kama alivyozichukua picha za wakubwa.

Watu wakaanza kucheka. Kwanza kidogo. Picha ilipoendelea, wakacheka kila kichwa kilipotokea. "Huyo naye nywele zake!" "Muoneni bibi harusi, kasuka lini?" Mpaka mwisho, mahali pa kulia palikuwa pa kucheka. Binti akaenda kuizima mashine mwenyewe. Akakunja kitambaa cheupe cha ukutani, akatokea mlango wa nyuma.

Hakugombana na baba yake. Kila Jumapili alikuja nyumbani. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Kisha anapita moja kwa moja jikoni kwa mama yake, na hapo hatoki mpaka aage. Kamera aliifungia kabatini. Hata harusi aliacha. Akaajiriwa kwenye duka la rangi, kazi ya kuchanganya makopo. Mwaka mmoja na miezi minane. Narudia, mwaka mmoja na miezi minane, hakugusa kamera.

Aliyemfungua macho kinyozi ni mkewe. Walikuwa wakinywa chai. Mama huyu si msemaji, lakini siku hiyo aliweka kikombe chini.

"Mwenzangu, mtoto hakukuuliza habari za nywele. Wewe ulikuwa unamtazama bwana harusi. Yeye alikuwa anakutazama wewe."

Kinyozi naye akaweka kikombe chini. Chai yake ilipoa ikaweka utando.

Kesho yake asubuhi alichukua rimoti, akatoka nje, akamkabidhi Mama Machozi mbele ya trei zake.

"Nifundishe."

"Nikufundishe nini, shemeji?"

"Kutazama."

Mama Machozi alicheka mpaka akalazimika kuyashika mayai. Lakini alikubali, na jamani, alikuwa mwalimu mkali! Alimketisha kwenye benchi akampa mfuko wa karanga. "Ukitaka kusema, tia karanga. Ukitaka kusimama, tia mbili." Picha ya kwanza, mfuko uliisha kabla stelingi hajapata mchumba. Picha ya pili, vivyo hivyo. Mkewe anasema alinenepa, akaongeza tundu kwenye mkanda. Ila picha ya nne, katikati, mdomo umejaa, kinyozi aligeuka akauliza, "Hivi huyu dada ataolewa kweli?"

Mama Machozi aliruka juu. "Ameuliza! Jamani njooni, ameuliza kitu cha maana!"

Wiki ile ile kinyozi akaenda kwenye duka la rangi. Akapanga foleni kama watu wengine mpaka akafika mbele ya binti yake.

"Baba, unataka rangi?"

"Nataka kazi."

"Kazi gani?"

"Ukitengeneza picha nyingine, nikunyolee watu wako. Nitahakikisha nywele hazikui. Ya kusema nitayasema kabla, siyo ukumbini."

Binti akamtazama. Foleni ikasubiri.

"Sina picha nyingine, baba."

"Haya. Basi nipe rangi."

"Ya aina gani?"

Hakuwa ameliwazia swali hilo. Akaondoka na kopo la bluu, na nyumbani hakuwa na ukuta wa kulipaka.

Zikapita siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu binti aliingia kwenye chumba cha kinyozi na karatasi mkononi. Hakukaa. Alisema tu, "Tutapiga Jumamosi na Jumapili. Tutachukua miezi mitatu. Lakini hadithi yote ni siku moja."

Mmelielewa hilo, wasikilizaji? Miezi mitatu ya kupiga, hadithi ya siku moja! Nywele za stelingi zisiongezeke hata punje. Kinyozi akachukua kitana papo hapo kwa furaha.

Stelingi alikuwa mwoka mikate. Aliigiza kijana anayerudi kwao baada ya miaka mingi, akimtafuta mama yake amwombe radhi. Na mama aliigizwa na mke wa kinyozi mwenyewe. Kila Jumamosi asubuhi kinyozi alimketisha mwoka mikate juu ya ndoo, akatoa kitana alichokitia alama kwa rangi ya bluu, akapima, akapunguza. "Mzee alikijua kichwa changu kuliko mke wangu," mwoka mikate ananiambia. "Na hakusema neno. Kamera ikiwaka, anatia karanga."

Ikafika Jumapili ya mwisho. Sehemu ya mwisho ilikuwa hii: kijana anakuja kwenye njia, anamwona mama yake mlangoni, anakwenda kuweka kichwa mapajani mwake. Ile ya njiani waliimaliza asubuhi. Ya mapajani ilikuwa inafuata. Kwanza wakajaribu maneno, na kinyozi akawa anamsafisha mwoka mikate kisogo, kazi ndogo, mashine inanguruma. Mwoka mikate kichwa kiko mapajani, anasema, "Mama, nimechelewa." Na yule mama, mkewe, akamwekea mkono begani akajibu, "Chakula hakijapoa."

Kinyozi aliyasikia maneno hayo. Macho yakajaa. Na mkono, mkono ambao haukuwahi kukosea miaka yote hiyo, ukapanda. Ukapita juu ya sikio la kulia, ukaacha mstari mweupe urefu wa kidole.

Mashine bado inanguruma.

"Baba," binti akasema. "Ni nini hiki?"

"Nilikuwa nasikiliza."

Binti anasema alipaswa kukasirika. Badala yake alizunguka nyuma ya nyumba akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akarudi akasema, "Tunapiga." Kwa nini? Kwa sababu mwoka mikate alikuwa anahamia kazi ya mbali kesho yake. Hapakuwa na siku nyingine.

Basi ndivyo ilivyobaki kwenye filamu, wasikilizaji. Njiani kijana ana nywele kamili. Mapajani ana mstari juu ya sikio la kulia, unaonekana kama barabara mpya.

Wiki iliyofuata kinyozi hakulala vizuri wala hakula vizuri. Alimsihi binti, "Kitoe kipande hicho." Binti akajibu, "Nikikitoa, picha haina mwisho." Akamwambia mkewe, "Watamcheka tena. Na safari hii aliyeharibu ni mimi."

Jumamosi ikafika. Ukumbi ule ule, mchana, mapazia yamefungwa. Kinyozi aliomba akae nyuma karibu na mlango. Binti alimshika mkono akampeleka katikati. Mkewe upande wa kulia, Mama Machozi upande wa kushoto na karanga. Binti mwenyewe hakukaa. Alisimama kando, chini ya ukuta, mahali ambapo anaweza kuuona uso wa baba yake.

Picha ikaenda. Kijana akapita mtaa kwa mtaa. Akakosea nyumba. Akafukuzwa. Akaonyeshwa njia. Akamwona mama mlangoni. Akaja, akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani. Na mstari ule pale, mkubwa kama ukuta!

Binti hakutazama kitambaa. Alimtazama baba. Karanga ilikuwa katikati ya vidole, imesimama, haijafika mdomoni. Mabega yalikuwa yanatikisika. Mzee alikuwa analia waziwazi, mdomo uko wazi kama wa mtoto. Na hakuwa peke yake. Ukumbi mzima ulikuwa unavuta pua. Hakucheka hata mmoja.

Mapazia yakafunguliwa. Makofi, vigelegele, viti vikaanguka. Binti akapenya watu akafika kwa baba yake.

"Baba, umeuona?"

"Nimeuona nini?"

"Mstari."

Kinyozi akashika sikio lake mwenyewe, la kulia. Akatazama kitambaa cheupe, hakina kitu tena.

"Ulishapita?"

"Umepita, baba. Wote umepita."

Wasikilizaji, nimeambiwa na watu watano, na wote watano wamenisimulia wakiwa wamesimama. Kinyozi alipanda juu ya kiti. Alipaza sauti: "Sikuuona! Jamani, niliufanya mwenyewe na sikuuona! Nilikuwa namtazama mama yake!" Akashuka, akamkumbatia binti, wakaanguka wote wawili juu ya Mama Machozi. Mama Machozi akapiga yowe kwamba karanga zimemwagika. Na kinyozi, machozi bado yako shavuni, akasema, "Sasa weka tena. Nataka kujua mmenifanyaje."

Wakaiweka tena, mchana ule ule. Nusu ya watu walibaki. Safari hii aliomba ruhusa kwanza, na alipowaonyesha kwamba pale mapajani binti yake hakukata hata mara moja, aliwafungia wote chumbani na mama yule, Mama Machozi alijipiga paja. "Kumbe ndiyo maana! Nilikuwa natafuta pa kupumulia sipaoni!"

Tangu hapo, kila Alhamisi alasiri, kwa miaka minne, chumba kile cha kinyozi kilionyesha picha moja mara mbili. Mara ya kwanza ni kutazama tu, hakuna kusema. Mara ya pili kila mtu ana haki ya kusimamisha. Waliotoka pale walitoka wakibishana mpaka majumbani kwao. Binti alirudi kwenye kamera. Mpaka leo ametengeneza filamu nne.

Kinyozi aliugua kifua. Alikaa hospitali siku tisa. Siku ya kumi, asubuhi, akatutoka.

Wasikilizaji wapendwa, kutoka hapa tunampa pole mkewe, mwenzake wa miaka yote. Tunampa pole binti yake na wadogo zake. Pole, Mama Machozi. Pole kwenu nyote mliokalia viti vile viwili. Mungu amlaze mahali pema.

Na ninyi mlioko nyumbani, huenda leo mtatazama picha pamoja. Mmoja wenu atataka kulia, mwingine atataka kusema. Fikirini mtakavyoketi. Mtazameni pia aliye kando yenu, hasa kama kilicho mbele yenu amekitengeneza yeye.

Nilimuuliza binti swali moja la mwisho. Nilisikia kuna mafundi wa kompyuta waliojitolea kuufuta mstari ule, nywele zionekane kamili. Nikamuuliza kama atakubali. Akatikisa kichwa.

"Niliwaambia waache," akasema. "Wao wanaona mahali ambapo kinyozi alikosea. Mimi naona mahali ambapo baba alifurahi."